Kufuli Zinapokwama kwenye GFS2: Fuata Foleni Hadi Mwisho Wake

Watumiaji wanasema mfumo umeganda. Unaingia kwenye seva, unaandika `ls -l` ndani ya folda ya pamoja, hairudi. `df` nayo inaning'inia. Load inapanda huku CPU haina kazi, na ukitazama `ps` unakuta michakato imejipanga katika hali ya `D`, ile ambayo hata `kill -9` haiigusi. Baada ya dakika mbili kerneli inaanza kuandika `blocked for more than 120 seconds`. Hapo wasimamizi wengi huwasha upya seva iliyo karibu nao. Nakusihi usianze na hilo. Orodha ya nani ameshika kufuli gani inakaa kwenye memori. Ukizima mashine imepotea, na tatizo likirudi utakuwa huna hata mstari mmoja wa kuanzia.

Mwongozo huu unahusu GFS2 kwenye Linux, mfumo wa faili unaoruhusu seva kadhaa kutumia diski moja kwa pamoja, ikiwa na DLM (kisimamizi cha kufuli kati ya seva) chini yake, na Corosync pamoja na Pacemaker vikisimamia klasta, yaani kundi la seva hizo, ambazo kila moja ni nodi. GFS2 na DLM ziliingia pamoja kwenye kerneli ya Linux, toleo 2.6.19 la mwaka 2006. Anayetumia OCFS2, mfumo mwingine wa aina hii, atafaidika na mantiki yake, ingawa majina ya faili na amri yatatofautiana.

Ninachotaka ushike ni hiki: kufuli iliyokwama ni foleni, na kila foleni ina aliye mbele. Mfikie huyo wa mbele, awe kwenye nodi yoyote, ndipo uulize kwa nini hasogei. Jibu la swali hilo huangukia katika makundi manne, na matatu kati yake hayana uhusiano wowote na hitilafu ya msimbo. Ukilaumu kerneli kabla ya kufika mbele ya foleni, utapoteza siku nyingi.

## Gloki kwa ufupi

Kila inodi (rekodi ya faili au folda moja) kwenye GFS2 ina kufuli yake, nayo huitwa gloki. Gloki inaweza kuwa `UN`, yaani haijashikwa. `SH`, imeshikwa kwa pamoja kwa ajili ya kusoma. `EX`, imeshikwa na nodi moja tu kwa ajili ya kuandika. Au `DF`, inayotumika pale programu inaposoma na kuandika diskini moja kwa moja bila kupitia kache.

Wengi huchanganyikiwa hapa: mmiliki wa gloki ni nodi. Mchakato huiazima tu. Mchakato ukimaliza kazi, nodi inabaki na gloki ile kwenye kache mpaka nodi nyingine iihitaji. Ikihitajika, DLM inatuma ujumbe wa kuomba iachiwe, na nodi yenye `EX` lazima kwanza imwage jonali (kumbukumbu ya mabadiliko ya mfumo wa faili), iandike diskini data yote iliyobadilishwa, na kama mwombaji naye anataka `EX`, ifute pia kache yake ya faili hiyo. Ndipo iachie. Kwa faili ndogo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa faili kubwa inayoandikwa na nodi mbili kwa zamu, kazi hiyo hurudiwa kila zamu.

Kila gloki ina jina la sehemu mbili, kwa mfano `2/8a31c`. Namba ya kwanza ni aina: 2 ni inodi, 3 ni kundi la bloku linalotumika kugawa nafasi ya diski, 5 hufuatilia kama faili bado imefunguliwa mahali, 6 ni kufuli ya `flock` inayoombwa na programu yenyewe, 9 ni jonali. Namba ya pili ni anwani, imeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita.

## Kusanya kabla ya kugusa chochote

Fanya hivi kwenye kila nodi, kwa wakati mmoja kadiri unavyoweza. Hifadhi matokeo kwenye diski ya ndani ya seva. Ukiyaandika kwenye mfumo uleule ulioganda, nawe utaingia kwenye foleni.

```
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
cat "/sys/kernel/debug/gfs2/klasta:data/glocks" > /root/glocks.1
dlm_tool ls             > /root/dlm_ls.1
dlm_tool lockdebug data > /root/dlm_kufuli.1
dlm_tool plocks data    > /root/plocks.1
dlm_tool dump           > /root/dlm_dump.1
echo w > /proc/sysrq-trigger
dmesg                   > /root/dmesg.1
```

Hapa `klasta` ni jina la klasta na `data` ni jina la mfumo wa faili, weka yako. Kama debugfs (mfumo ambao kerneli huonyesha taarifa zake za ndani) imeshapachikwa, mstari wa kwanza utalalamika na hakuna madhara.

Subiri dakika moja au mbili, kisha rudia yote kwa majina mengine. Mkusanyo wa pili ndio unaokuambia kama foleni inasogea au imesimama, na hakuna njia nyingine ya kulijua hilo kwa uhakika. Kifurushi cha gfs2-utils kina skripti iitwayo `gfs2_lockcapture` inayofanya sehemu kubwa ya kazi hii, na `glocktop` inayoonyesha gloki zenye wasubiri wengi. Viweke kwenye seva siku ya amani, kwa sababu siku ya tatizo huenda hata kusakinisha kifurushi kukashindikana.

## Kusoma foleni mstari kwa mstari

Orodha ya gloki huwa ndefu sana. Unatafuta mistari ya `H:` yenye herufi `W` kwenye `f:`, maana yake mchakato unasubiri:

```
grep -B1 'H:.*f:[a-zA-Z]*W' /root/glocks.1
```

Tuseme kwenye nodi B unakuta hivi:

```
G:  s:UN n:2/8a31c f:lIqo t:SH d:EX/0 a:0 v:0 r:4 m:20
 H: s:SH f:AW e:0 p:9027 [ls] gfs2_getattr+0x7a/0x110 [gfs2]
```

Mstari wa `G:` unasema nodi B haina gloki hii (`s:UN`), inaitaka kwa `SH` (`t:SH`), na herufi `l` inaonyesha ombi limeshapelekwa na jibu linasubiriwa. Mstari wa `H:` unamtaja anayesubiri: mchakato 9027, `ls`, ulioingia kupitia `gfs2_getattr`. Ndiyo hiyo `ls -l` iliyokataa kurudi: haihitaji kusoma faili, inahitaji kujua ukubwa na tarehe yake tu, na hata hilo linadai kufuli.

Nenda nodi A, tafuta jina lilelile:

```
G:  s:EX n:2/8a31c f:DyIqo t:EX d:SH/94000000 a:3 v:0 r:5 m:20
 H: s:EX f:H e:0 p:6113 [ripoti] gfs2_file_buffered_write+0x9c/0x280 [gfs2]
 I: n:4417/566044 t:8 f:0x00 d:0x00000000 s:7340032 p:1792
```

Nodi A inayo kwa `EX`. `D` inasema imeombwa ishuke, na `d:SH/94000000` inasema ishuke hadi `SH` na kwamba ombi hilo lina maikrosekunde 94,000,000, yaani sekunde 94. Herufi `H` kwenye mstari wa pili inamtaja mshikaji: mchakato 6113. `y` inaonyesha kuna data ambayo haijaandikwa diskini.

Ukitaka jina la faili, geuza 8a31c kuwa namba ya kawaida. Unapata 566044, ambayo ndiyo namba ya inodi na inaonekana pia kwenye mstari wa `I:`. Usikimbilie `find -inum` kwenye mfumo ulioganda, kwa sababu `find` yenyewe itakwama kwenye folda ya kwanza yenye foleni. Tazama `ls -l --color=never /proc/6113/fd` kwenye nodi A. Hiyo inasoma kutoka kerneli bila kugusa GFS2.

Sasa swali la mwisho: 6113 anafanya nini?

```
cat /proc/6113/stack
```

Kama naye anasubiri gloki nyingine, chukua jina la gloki hiyo na urudie hatua zote, nodi kwa nodi, mpaka ufike kwa asiyesubiri gloki yoyote, au ujikute umerudi ulipoanzia. Chora kwenye karatasi. Mkwamo wa nodi tatu ukijaribu kuubeba kichwani utakupotea.

## Foleni inaishia kwa DLM yenyewe

Dalili: nodi zote zimeganda kwa pamoja na kwa ghafla, wasubiri wako kila mahali, lakini hakuna nodi yenye mshikaji. Soma `dlm_tool ls`:

```
name          data
flags         0x00000004 kern_stop
members       1 2 3
new status    wait fencing
new members   1 2
```

Ukiona `kern_stop`, acha kabisa kutafuta kwenye gloki. Nodi ya 3 imepotea, na DLM imesimamisha kila kitu kwa makusudi mpaka ithibitishwe kwamba nodi hiyo imetengwa, yaani imekatiwa umeme au imefungiwa njia ya kufika diskini. Kusimama huku ndiko kunakolinda data yako. Nodi iliyopotea inaweza kuwa hai, imekatika mtandao tu, na ina data kwenye memori iliyo tayari kuandikwa. Nodi nyingine zikianza kurudia jonali yake huku yenyewe bado inaandika, mfumo wa faili unaharibika.

Kwa hiyo tatizo ni fensingi, yaani huko kuitenga nodi. Sababu za kawaida: nenosiri la kidhibiti cha mbali cha seva limebadilishwa na Pacemaker haikuambiwa; kidhibiti chenyewe kinachota umeme kwenye seva ileile iliyokatika umeme, hivyo hakijibu; au mtu amezima fensingi kwa `stonith-enabled=false` wakati wa majaribio na hakuirudisha. Ijaribu fensingi ya kila nodi kabla ya kuingiza data ya kweli kwenye klasta, na uijaribu tena kila nenosiri linapobadilika.

Kuna njia ya kuthibitisha kwa mkono, `pcs stonith confirm` au `dlm_tool fence_ack`. Amri hizi hazizimi kitu. Zinaiambia klasta kwamba wewe, binadamu, umehakikisha mashine imezimwa. Mtu asimame mbele ya seva ile aone taa zimezima, au umeona kwa macho yako hali ya umeme kwenye kidhibiti. Bila hivyo usizitumie, hata wakubwa wakikusukuma namna gani.

Ikiwa inasubiri akidi (idadi ya nodi inayotosha klasta kufanya kazi) badala ya fensingi, angalia `corosync-quorumtool`. Kwa GFS2 weka `no-quorum-policy=freeze`. Chaguo la kawaida, `stop`, linaagiza huduma zizimwe, na GFS2 haiwezi kuondolewa vizuri pasipo akidi, hivyo unaishia kwenye fensingi ya nodi zilizobaki. Kwa klasta ya nodi mbili, `two_node: 1` inaruhusu mmoja abaki, lakini basi kila mmoja atakimbilia kumzima mwenzake mtandao ukikatika, weka `pcmk_delay_max` ili mmoja atangulie.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili: nodi ya kwanza inapachika vizuri, ya pili inaning'inia, na logi inarudia `dlm: connecting to 1`. Hapo Corosync inapita kwenye mtandao lakini DLM haipiti, kwa kuwa DLM ina njia yake, poti 21064 ya TCP. Fungua poti hiyo kwenye fayawoli. Na kama umeipa Corosync njia mbili za mtandao, DLM kwa TCP itakataa kwa maneno `can't handle multi-homed hosts, try SCTP`; weka `protocol=sctp` kwenye `/etc/dlm/dlm.conf` ya kila nodi.

## Foleni inaishia kwa mchakato mmoja

Mshikaji yupo, hasubiri gloki, na mikusanyo yote miwili inamwonyesha yeye yule. Aina ya gloki inakupa mwelekeo.

Ikiwa ni aina ya 2, mchakato uko ndani ya kerneli, kwa kuwa gloki ya inodi hushikwa wakati wa wito mmoja tu wa kerneli. Ukiona `io_schedule` kwenye stack, tazama diski. Mfano unaojirudia sana ni multipath (mpango wa kufikia diski moja kwa njia kadhaa) iliyowekwa `queue_if_no_path`: njia zote za kwenda kwenye diski zimekatika kwenye nodi hiyo moja, na badala ya kurudisha kosa, maombi yanapangwa yasubiri bila kikomo. Nodi hiyo inaonekana hai, inajibu ping, Corosync haioni tatizo, lakini imeshika kufuli ambazo haiwezi kuziachia kwa sababu haiwezi kuandika. Nodi nyingine zenye diski nzima zinaganda kwa ajili yake. `multipath -ll` itakuonyesha njia zenye `failed`. Rekebisha njia, au itenge nodi hiyo; kisha weka `no_path_retry` yenye kikomo ili siku nyingine kosa lirudi.

Ikiwa ni aina ya 6, mshikaji ni programu iliyoita `flock` na bado haijaachia. Hapo kerneli haina kosa lolote. Tazama kama mchakato umesimamishwa (hali ya `T`), au unasubiri jibu la hifadhidata huku ukiwa na kufuli mkononi.

## Foleni inasogea, ila polepole

Mikusanyo miwili inaonyesha wasubiri tofauti kwenye gloki ileile. Hakuna kilichokwama, nodi zinanyang'anyana. Gloki inahama kutoka A kwenda B na kurudi, na kila safari ina gharama ya kumwaga jonali na kuandika data.

Angalia ni gloki gani inayorudi mara nyingi. Ikiwa ni aina ya 2 na inodi yake ni folda, basi nodi zote zinaunda au kufuta faili ndani ya folda moja. Kila faili mpya inadai `EX` ya folda. Hili ndilo kosa la mpangilio ninaloliona likiumiza watu kuliko yote: folda moja ya vikao vya tovuti, folda moja ya faili za muda, folda moja ya barua pepe zinazosubiri kutumwa, na nodi zote zinaisonga. Kurekebisha vigezo vya kerneli hakutasaidia. Ipe kila nodi folda yake ndogo, na wasomaji wasome zote. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Pachika kwa `noatime`. Bila hiyo, kusoma faili kunaweza kuhitaji kuandika muda wa kusomwa, na kuandika kunadai `EX`; hata `relatime` haiondoi tatizo lote.

Bekapu ni mtuhumiwa mwingine. Ikipita usiku kwenye mti mzima kutoka nodi moja, asubuhi nodi hiyo ina gloki za `SH` za karibu kila faili kwenye kache, na kila mwandishi kwenye nodi nyingine lazima aombe iachie. Gawanya bekapu ili kila nodi ihifadhi folda inazozitumia zaidi, na mwishoni kwenye nodi ya bekapu andika `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`. Hakikisha pia `gfs2` imo kwenye `PRUNEFS` ndani ya `/etc/updatedb.conf`.

Kama unahitaji ushahidi wa kuwapelekea waandishi wa programu, washa ufuatiliaji wa `gfs2_demote_rq` chini ya `/sys/kernel/debug/tracing/events/gfs2/` na uhesabu gloki zinazoombwa kushuka mara nyingi zaidi. Namba hizo hubishaniwa kwa shida.

## Kufuli za fcntl zina njia yake

Hapa watu hupotea kwa sababu orodha ya gloki ni safi kabisa, hakuna msubiri, na bado programu imekwama. `flock` hupita kwenye gloki ndani ya kerneli, lakini `fcntl`, aina nyingine ya kufuli inayoombwa na programu, hupelekwa kwa `dlm_controld`, programu ya kawaida isiyo ya kerneli, nayo hutangaza kila ombi kwa nodi zote kupitia Corosync. Kwa hiyo zitafute kwenye `dlm_tool plocks data`.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ni polepole kiasili. Programu inayofunga na kufungua kwa `fcntl` maelfu ya mara kwa sekunde itasumbuka. Kama kufuli nyingi huchukuliwa na nodi moja, `plock_ownership=1` kwenye `dlm.conf` ya nodi zote hupunguza mzigo. Pili, usitegemee `EDEADLK`: nodi mbili zikisubiriana kwa `fcntl` hakuna atakayekuamsha.

Na kuna mtego ambao nataka uusome mara mbili. Programu ikiuliza kwa `F_GETLK` nani ameshika kufuli, inapewa namba ya mchakato, na mchakato huo unaweza kuwa uko kwenye nodi nyingine. Skripti inayochukua namba hiyo na kuipiga `kill` hapo ilipo inaua mchakato usiohusika uliobahatika kuwa na namba hiyohiyo. Ondoa skripti za namna hiyo kwenye klasta.

Chaguo la `localflocks` wakati wa kupachika hufanya kufuli zote za `flock` na `fcntl` ziwe za nodi husika tu. Linafaa pale ambapo GFS2 inatolewa kwa NFS kutoka nodi moja kwa wakati. Mahali pengine linaondoa dalili na kuacha programu mbili ziandikiane juu bila kujua.

Kupima kama kufuli za `fcntl` zinafanya kazi, tumia `ping_pong` inayokuja na CTDB, sehemu ya Samba ya kuendeshea klasta. Iendeshe kwenye kila nodi dhidi ya faili moja, ukiipa idadi ya nodi kuongeza moja. Kwa nodi tatu ni `ping_pong /data/jaribio 4`. Ikisimama, una tatizo unaloweza kulirudia upendavyo.

## Foleni inajizungusha

Umechora kwenye karatasi na mshale wa mwisho umerudi kwa wa kwanza. Hii ndiyo hitilafu ya kweli, na kuna moja iliyodumu miaka mingi ambayo inafundisha vizuri.

Programu inasoma faili X kwa `read`, lakini bafa inayopokea data ni memori iliyotengenezwa kwa `mmap` ya faili Y, yaani faili hiyo inaonekana kwa programu kama memori. Kerneli inashika gloki ya X kwa `SH`, inaanza kunakili, na ukurasa wa Y haupo kwenye memori. Inatokea page fault, yaani kerneli inalazimika kuuleta ukurasa huo kwanza, na kwa kuwa ukurasa unaandikwa, inadai gloki ya Y kwa `EX`. Kwenye nodi nyingine programu ileile inafanya kinyume: imeshika Y kwa `SH`, inataka X kwa `EX`. Hakuna atakayeachia. Kwenye stack utaona `gfs2_file_read_iter` chini, page fault katikati, na juu `gfs2_page_mkwrite` au `gfs2_fault` ikisubiri gloki. X na Y zikiwa faili moja, GFS2 inagundua kwamba mchakato unaomba gloki ambayo tayari inayo, inaandika mistari ya `original:` na `new:`, kisha kerneli inasimama kwa `BUG`.

Marekebisho yaliingia kwenye Linux 5.16, Januari 2022. Wazo lake ni rahisi kulieleza: wakati gloki imeshikwa, page fault zinazimwa. Kunakili kukikuta ukurasa haupo, kunarudi kumekamilika nusu. Gloki inaachiwa, kurasa zinaletwa kwenye memori, gloki inashikwa upya, kazi inaendelea pale ilipoishia. Kama uko kwenye kerneli ya zamani isiyo na kiraka hicho, badilisha programu isome kwanza kwenye bafa ya kawaida ndipo inakili kwenye `mmap`. Wanaotumia RHEL wakumbuke kwamba kuanzia RHEL 10 Red Hat haitoi tena nyongeza ya Resilient Storage iliyobeba GFS2, kwa hiyo mpango wa kerneli za mbele uupange mapema.

Ukiwa unaandika kiraka mwenyewe, mpangilio wa kushika kufuli ndani ya GFS2 ndio sheria yako. Unaanza na `i_rwsem` ya nodi yenyewe pale inapohitajika, kisha gloki ya kubadili jina kama ni `rename`, kisha gloki za inodi, mzazi kabla ya mtoto, na walio ngazi moja kwa kufuata namba zao. Baada ya hapo makundi ya bloku, kisha muamala, na kufuli ya ukurasa mwisho kabisa. Hitilafu ya mmap niliyoieleza ilitokana hasa na kuvunja mstari huu kwa mlango wa nyuma: aliyeandika `read` alifuata mpangilio, aliyeandika page fault naye aliufuata, ila mmoja aliingia ndani ya mwingine. Unapokagua, tafuta kila mahali ambapo memori ya mtumiaji inaguswa au memori mpya inaombwa huku gloki imeshikwa, kwa sababu kuomba memori nako kunaweza kulazimisha kerneli kutupa inodi za zamani, na kuzitupa kunahitaji gloki. Lockdep, kikaguzi cha kerneli cha mpangilio wa kufuli, haitakuokoa: inaona kufuli za kerneli moja, haioni nodi ya pili.

Kuirudia hitilafu kwa makusudi, tengeneza mashine pepe mbili zenye diski moja ya pamoja, kisha chelewesha mtandao wa klasta:

```
tc qdisc add dev eth1 root netem delay 50ms
```

Ucheleweshaji huu unapanua upenyo kati ya kushika kufuli moja na nyingine, na mbio iliyokuwa ikitokea kwa nadra sana inaanza kutokea mbele ya macho yako. Usizidishe hadi Corosync ikadhani nodi imekufa.

## Yanayofanana na kufuli lakini siyo

Logi ikisema `withdraw`, nodi imekuta data isiyoeleweka na imejitoa kwenye mfumo wa faili. Ondoa mfumo huo kwenye nodi zote, zote kabisa, ndipo uendeshe `fsck.gfs2`. Ukiiendesha huku nodi moja bado imeupachika utaharibu kilichobaki.

Nodi mpya ikikataa kupachika kwa `can't mount journal`, jonali zimekwisha. Kila nodi inahitaji yake. `gfs2_jadd -j 1 /data` kwenye nodi iliyokwisha kupachika inatosha.

## Kuingiza marekebisho

Chukua nodi moja moja: `pcs node standby`, hakikisha GFS2 imeondolewa, sakinisha kerneli mpya, washa upya, `pcs node unstandby`, kisha subiri `dlm_tool ls` ionyeshe wanachama wote bila `kern_stop` kabla ya kugusa inayofuata. Wakati bado kuna nodi yenye kerneli ya zamani, mkwamo unaweza kutokea tena, kwa kuwa nodi hiyo moja inaweza kushika gloki na kuwasimamisha wenzake walio na kiraka. Ukiona dalili imerudi katikati ya kazi, kusanya tena kama mwanzo na uangalie `uname -r` ya nodi iliyo na mshikaji kabla ya kusema marekebisho hayakufanya kazi.